Soma Mlango wa Gari Kabla ya Kusaini

Na Shangazi Mwanaidi, Dallas

Jumamosi nilishinda kwenye yadi ya magari, nikarudi nyumbani na hasira mpaka chai haikupita kooni. Kijana wetu mmoja, muuguzi wa mikataba, amepata kazi ya miezi mitatu Grand Junction, Colorado. Kodi za nyumba za muda zimemchosha. Naye, kama wauguzi kadhaa wa mikataba hapa Marekani, ameamua kuhama na nyumba yake. Amenunua trela kubwa la kuishi, aina ya gurudumu la tano, lile ambalo shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kufungwa kwa pini karibu na ekseli ya nyuma. Mke, watoto wawili, masufuria, vyote vinaondoka naye. Ilibaki pikapu. "Shangazi, naomba unisindikize," akasema. Nikaenda.

Muuzaji alikuwa na neno moja tu: inavuta. Trela ni zito? Inavuta. Na milima je? Inavuta. Akatoa karatasi iliyoandikwa paundi 18,000. Trela likijaa halizidi 14,000, kwa hiyo kwake hesabu ilikuwa imekwisha, kijana ashike kalamu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mmeshajua nilikokwenda. Ndiyo, mlangoni. Ukifungua mlango wa dereva utaona kibandiko ambacho sheria ya Marekani inalazimisha kiwepo: uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Pikapu ile ya dizeli, yenye viti vya ngozi na paa la kioo, iliandikwa paundi 2,200, kama kilo 1,000 hivi.

Sasa sikilizeni. Trela la aina hii linavutwa na pia linabebwa. Kama moja ya tano ya uzito wake huikalia pikapu mgongoni. Moja ya tano ya 14,000 ni 2,800. Gari limeshazidiwa kwa paundi 600 kabla hata dereva hajaketi. Bado hujaweka kile chuma cha kufungia pini, mke, watoto na boksi la vifaa. Mwenye mkokoteni huvuta magunia kumi, lakini mwambie abebe matatu kichwani uone.

Muuzaji akajibu kwamba watu wengi wanafanya hivyo, na kwamba tukitaka atafunga mifuko ya upepo kwenye springi. Hapo ndipo damu iliponichemka. Mifuko ile hunyanyua mkia wa gari ulioinama. Haiongezi hata paundi moja kwenye kibandiko. Ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale.

Na sisi tunadanganyika kirahisi. Tumetoka mahali ambapo Hilux hupakiwa mpaka springi zikalala, na watu wakaisifu kuwa ni gari la kazi. Tukifika huku tunachagua kwa macho. Hatuambiwi kwamba pikapu nyingi za daraja la 250 na 2500 zina ukomo wa paundi 10,000, gari pamoja na vyote vilivyo juu yake, hivyo injini nzito ya dizeli na kila starehe ya kiwandani hukatwa kwenye mzigo wako.

Na njia yenyewe ya kwenda Grand Junction ni barabara kuu ya I-70. Ukivuka handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, unaanza kuteremka kuelekea Silverthorne kwenye mteremko wa takriban asilimia 7. Kando ya barabara zimejengwa njia za kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Hazikujengwa kwa mapambo.

Kwa hiyo, wanangu, anzeni na trela. Chukueni uzito wake likiwa limejaa, msikubali ule wa likiwa tupu. Tafuteni moja ya tano yake, ongezeni kifungio na kila anayepanda, ndipo mtafute mlango wenye namba inayotosha. Kwa trela kama la huyu kijana, ni F-350, Ram 3500 au Silverado 3500, na ningependa yenye matairi mawili mawili nyuma na bodi ndefu ya futi 8, ili kona ya trela isigonge kioo cha nyuma mnapogeuka. Hata hizo msizinunue bila kusoma mlango. Bei ikiwashinda, nunueni trela dogo.

Kijana hakusaini, na mpaka leo hapokei simu yangu. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp tunachangishana mara kwa mara kusafirisha maiti kurudi nyumbani. Nimechanga na nitaendelea kuchanga. Mchango wa huyu nimeutoa mapema, pale pale yadini, kwa kumshika mkono wenye kalamu. Akinuna, na anune akiwa hai.