Wafuate Watokao Msikitini

Msafiri Mwislamu afikapo mji wa ugeni, baada ya kupata malazi hujiuliza: nitakula wapi? Mimi binafsi nimekwisha kuijua dawa yake. Husali kwanza, kisha huwafuata waumini watokapo msikitini.

Ndivyo nilivyofika Karim's mjini Delhi, kichochoroni karibu na Jama Masjid. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1913, na ukoo wa mwanzilishi ungali unapika mchuzi wa nyama wa wazee wao. Mjini Istanbul nilikula kwa Hacı Abdullah, nyumba iliyoanza mwaka 1888. Pombe haiuzwi, na vyakula ni vya Kituruki vya kale. Cairo nako nilikula koshari: wali, adesi, makaroni na vitunguu vya kukaanga, chakula cha maskini ambacho tajiri hakionei haya.

Nirudipo Mombasa moyo huniuma. Mgeni akituuliza ale wapi, twampeleka kwenye kuku na chipsi. Mahamri kwa mbaazi, samaki wa kupaka na mkate wa mofa twaviona vya nyumbani tu, havimstahili mgeni. Basi mpishi mzee akifa, huzikwa na mapishi yake.

Si meza za vioo zilizoipa sifa mikahawa hiyo, bali vijana waliokubali kurithi chungu cha waliowatangulia. Wenye mikahawa wetu, waiteni vijana wenu jikoni mapema. Nasi wateja tuwapeleke wageni huko bila haya. Mwacha mila ni mtumwa.