Dhuluma ya Mpira Mmoja

Bill Buckner alipofariki dunia tarehe 27 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 69, magazeti na redio za Marekani zilitangaza tanzia yake kwa namna moja, kana kwamba zilikuwa zimeshauriana: amefariki yule mchezaji wa besiboli ambaye mwaka 1986 mpira ulimpita katikati ya miguu. Alikuwa amecheza katika ligi kuu kwa misimu 22. Alikuwa amepata mapigo halali 2,715, idadi ambayo wachezaji walio wengi hawaifikii hata nusu yake. Na mwaka 1980, akiichezea Chicago Cubs, alikuwa ndiye mpigaji bora wa ligi yake. Hayo yote yaliwekwa chini, katika aya ambazo msomaji mwenye haraka hazifikii, na juu, kwa hati kubwa, likawekwa kosa la nukta chache. Nasema kwamba hiyo ni dhuluma, na nasema tena kwamba chimbuko lake si chuki ya mwandishi huyu au yule, bali ni itikadi moja iliyoenea katika kila nchi yenye michezo na magazeti, nayo ni kwamba ubingwa hupotezwa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni yule aliyekosa mwisho.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Boston Red Sox na New York Mets walikutana katika World Series, mashindano ya kumpata bingwa wa besiboli wa Marekani, ambayo hutwaliwa na timu inayotangulia kushinda michezo 4 kati ya 7. Boston, ambao hawakuwa wameonja ubingwa tangu 1918, walikuwa wamekwisha kushinda michezo 3, na mchezo wa sita ukachezwa New York, katika uwanja wa Shea, usiku wa tarehe 25 Oktoba. Zamu 9 za kawaida zilimalizika timu zikiwa sare, 3 kwa 3. Katika zamu ya 10 Dave Henderson wa Boston aliupiga mpira ukavuka ukuta, na wenzake wakaongeza bao jingine, hesabu ikawa 5 kwa 3. New York wakaingia kupiga, na wapigaji wao wawili wa kwanza wakatolewa bila kufika popote. Alikuwa amebaki mmoja tu wa kutolewa, Boston wawe mabingwa. Shampeni ilikwisha kuletwa katika chumba chao cha kubadilishia nguo, na ubao wa uwanja ulimulika, kwa kitambo kidogo, salamu za kuwapongeza.

Ndipo Gary Carter alipopiga akafika salama kituo cha kwanza; Kevin Mitchell akafuata; na Ray Knight, ambaye alikuwa amekwisha kuhesabiwa makosa mawili na kusaliwa na lile la tatu la kumtoa, naye akapiga, Carter akarejea nyumbani, ikawa 5 kwa 4. Mapigo yote matatu yalitokana na mrushaji mmoja, Calvin Schiraldi. Meneja John McNamara akamwondoa, akamwingiza Bob Stanley, naye alipomkabili Mookie Wilson akarusha mpira uliokwenda kombo hata mdakaji asiweze kuuzuia, Mitchell akatimua mbio akarejea nyumbani, ikawa 5 kwa 5. Namwomba msomaji atue hapa, kwa maana hapa ndipo simulizi inayovuma kote duniani inapovunjika: mabao mawili ambayo Boston walitangulia nayo yalikuwa yamekwisha kufutwa, na katika nusu hiyo ya zamu hakuna mpira wowote uliokuwa umemfikia Buckner audake. Ni baada ya hayo Wilson alipopiga mpira wa chini uliobingirika kuelekea kituo cha kwanza, Buckner akainama, mpira ukapita chini ya mkono wake, na Knight akaingia na bao la sita. Lau angeudaka, na lau angemtangulia Wilson, mkimbiaji hodari, kufika kituoni, jambo ambalo halikuwa na yakini, Boston wasingekuwa mabingwa kwa tendo hilo. Wangepata tu ruhusa ya kucheza zamu ya 11, hali sare, mbele ya halaiki ya New York iliyokwisha kupandwa na jazba.

Sikusudii kumtakasa Buckner na kila kasoro, na yule anayetaka kumshitaki kwa insafu angeweza kupata shitaka zito kuliko hilo. Katika zamu ya 8 ya mchezo huo huo, Boston wakiongoza 3 kwa 2, vituo vyote vitatu vilijaa wakimbiaji wao, na Buckner, mpigaji wa mkono wa kushoto, akaachwa amkabili Jesse Orosco, mrushaji wa mkono wa kushoto, jambo ambalo kila ajuaye besiboli hulihofu, ilhali Don Baylor, mpigaji wa mkono wa kulia na mwenye nguvu, amekaa katika benchi. Buckner akapiga mpira wa juu ukadakwa, na zamu ikaisha patupu. Kwa rai yangu pigo moja jema pale lingeufunga mchezo kabla ya zamu ya 10 kuwako. Lakini nani analikumbuka? Halikuwa na sura ya kuchekesha wala ya kuliza, basi halikuandikwa katika kumbukumbu za umma. Wala haikukumbukwa inavyostahili kwamba Roger Clemens, mrushaji bora wa Boston mwaka ule, aliondolewa baada ya zamu ya 7 timu yake ikiongoza, na kwamba aliyeingia mahali pake aliruhusu bao la kusawazisha katika zamu iliyofuata. Wala kwamba McNamara, ambaye mara nyingi katika michezo ya fainali zile alimpumzisha Buckner mwishoni, kwa sababu ya vifundo vyake vya miguu vilivyokuwa na maradhi ya siku nyingi, na kumweka Dave Stapleton alinde kituo cha kwanza, usiku ule hakufanya hivyo. Huyo hapo ni mtu mwenye miguu mibovu, aliyewekwa na mkubwa wake mahali ambapo desturi yenyewe ilisema asiwekwe. Na dunia ikamwacha aliyeweka ikamkamata aliyewekwa.

Tena kulikuwa na mchezo wa saba. Mvua iliuahirisha mpaka tarehe 27, na katika mchezo huo Boston walitangulia kwa mabao 3 kwa bila, wakayapoteza yote, wakafungwa 8 kwa 5. Katika zamu ya 8, walipokuwa nyuma kwa mabao matatu, aliyeanzisha jaribio la kuwarudisha mchezoni kwa pigo halali, kisha akakimbia akafunga, alikuwa Buckner huyo huyo. Kila nikisoma mahali kwamba “Buckner alipoteza World Series” huwaza kama aliyeandika anajua kwamba usiku ule wa mpira kupita miguuni haukuwa usiku wa mwisho.

Basi itikadi hii hupata wapi nguvu, ikiwa hesabu zake ni mbovu kiasi hiki? Hupata nguvu katika desturi ya kazi ya habari. Mpira uliokwenda kombo hauna picha nzuri. Uamuzi wa meneja kutomwita mtu aliyekaa benchi hauna picha kabisa. Lakini mtu mzima, mwenye masharubu, anayegeuka polepole kuutazama mpira unaozidi kwenda nyuma yake, ni picha inayojieleza hata kwa asiyejua besiboli. Televisheni iliirudia usiku ule, ikairudia kesho yake, ikairudia kila Oktoba kwa miaka, hata watoto waliozaliwa baadaye wakaona kwa macho yao jambo ambalo hawakuambiwa lilitanguliwa na nini. Mwandishi naye, aliyebakiwa na muda mfupi mitambo ya kupiga chapa ianze, anahitaji sababu moja inayotosha katika mstari mmoja, na sababu yenye jina la mtu ni nyepesi kuandika kuliko sababu yenye matawi saba. Nafahamu dhiki hiyo, wala siidharau. Lakini dhiki ya usiku mmoja haiwezi kuwa udhuru wa miaka 33.

Sababu moja ilipokuwa haitoshi, wakaongeza ya ghaibu. Boston walimwuza Babe Ruth kwa New York Yankees, mauzo yaliyotangazwa Januari 1920, na kwa miongo mingi watu wa Boston walilalamikia biashara hiyo kama watu wanavyolalamikia biashara mbaya. Lakini mazungumzo ya kwamba klabu imelaaniwa hayakuwa na umaarufu mkubwa. Ni baada ya kushindwa kwa 1986 yalipoandikwa katika safu ya gazeti la New York, na mwaka 1990 Dan Shaughnessy wa Boston Globe akayatolea kitabu kizima, na hapo laana ikawa elimu ya kila mtu, ikadhaniwa ni turathi ya kale. Laana hiyo haikumpunguzia Buckner mzigo hata kidogo, bali ilimfanya awe chombo chake.

Haya hayakuanza kwake. Mwaka 1912 Fred Snodgrass wa New York Giants aliuangusha mpira wa juu katika zamu ya 10 ya mchezo wa mwisho dhidi ya Boston. Mpira uliofuata aliudaka kwa ustadi mkubwa. Kisha wenzake watatu wakaangaliana na kuuacha mpira mwepesi uanguke kati yao, na mpigaji aliyepewa nafasi hiyo, Tris Speaker, akapiga pigo la kusawazisha. Snodgrass akaishi miaka mingi ya heshima, akawa meya wa mji wa Oxnard huko California, na alipofariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 86, kichwa cha tanzia yake katika New York Times kiliutaja mpira ule alioukosa.

Mwaka 2003 ilikuwa zamu ya mtazamaji wa kawaida huko Chicago, aliyenyoosha mkono kuudaka mpira uliokuwa ukija jukwaani, kama walivyofanya wenzake waliomzunguka. Cubs walikuwa wanaongoza 3 kwa bila. Mlinzi wao, Alex Gonzalez, akakosa mpira mwepesi ambao huenda ungemaliza zamu, na wapinzani wao wa Florida wakafunga mabao 8. Jina la mtazamaji yule likachapwa magazetini hata ikabidi polisi walinde nyumba yake. Silirudii hapa.

Nalo jambo la Donnie Moore wa California Angels ni zito zaidi, na sitaki kuligusa kwa mkono wa pupa. Majuma mawili kabla ya usiku wa Shea alirusha mpira ambao Dave Henderson, yule yule wa Boston, aliupiga ukavuka ukuta, Angels wakiwa karibu mno kufika World Series. Angels walisawazisha baadaye katika mchezo huo, wakafungwa katika zamu ya 11, wakafungwa tena mara mbili. Lakini lawama ikawa ya Moore. Julai 1989 alimpiga mkewe risasi, mke akanusurika, kisha akajiua. Habari nyingi zikasema aliuawa na mpira ule mmoja. Alikuwa na maumivu ya mwili, kazi iliyokwisha, na ndoa yenye misukosuko ya muda mrefu. Kumrudishia mauti yake sababu moja ya uwanjani kulimdhulumu yeye mara ya pili, na kulimsahau kabisa mwanamke ambaye damu yake ilimwagika.

Sisi wa Afrika tuna kesi yetu. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Asamoah Gyan wa Ghana alipiga penalti ya dakika ya mwisho dhidi ya Uruguay ikagonga mwamba, na bara zima likaomboleza. Dakika chache baadaye, katika mikwaju ya penalti ya kuamua, Gyan alijitokeza kupiga wa kwanza kwa upande wake, akafunga. Ushujaa wa kurudi mahali pale pale mara baada ya msiba ule ungalistahili kuhadithiwa watoto, lakini katika baraza za mpira nasikia mwamba tu.

Wapo watakaosema kwamba mchezaji hulipwa mali nyingi, na katika malipo hayo imo lawama. Imo, kwa kadiri ya kosa. Shabiki aliyesubiri tangu 1918 ana haki ya huzuni yake, hata ya hasira ya usiku mmoja, ila mwandishi aliyekabidhiwa kueleza jambo lilivyotokea hana haki ya kuifanya hasira hiyo kuwa tarikhi. Boston walimwacha Buckner Julai 1987. Akarudi kidogo mwaka 1990, akamaliza uchezaji. Na mwaka 1993, baada ya miaka ya vitisho na kejeli, akaihamisha jamaa yake mpaka Idaho, mbali na watu waliomjua kwa mpira mmoja.

Kisha Boston wakawa mabingwa mwaka 2004, na tena 2007, na tarehe 8 Aprili 2008 walimwalika Fenway Park kurusha mpira wa ufunguzi. Alitembea kutoka ukuta wa mbali mpaka katikati ya uwanja, uwanja wote ukasimama ukimpigia makofi, naye akafuta machozi. Palikuwa na wema wa kweli katika makofi yale. Walakini yaliyoandikwa sana juu ya siku ile yalikuwa kwamba Boston wamemsamehe, na mimi siwezi kuyakubali, kwa kuwa msamaha ni wa mwenye kudai, na umma wa Boston haukumdai mtu huyu kitu ambacho haukuwadai McNamara, Schiraldi na Stanley, nao hawakuandaliwa sherehe yoyote ya kusamehewa. Alipoketi na waandishi baada ya hapo, Buckner, akikatizwa na uchungu, alisema kwamba ilimbidi yeye asamehe moyoni mwake, na aliowakusudia si mashabiki wa Boston hasa, bali ni vyombo vya habari, kwa yale waliyomtwisha yeye na jamaa yake.