BUNDUKI YA RANGI NA MSHAHARA WA FUNDI

Ndugu wafanyakazi wa gereji,

Rangi ikichuruzika mlangoni mwa gari, tajiri humkata fundi mshahara. Nasema hiyo si haki. Mara nyingi kosa ni la chombo, na chombo alikinunua yeye.

Bunduki ya HVLP hupuliza kwa paundi zisizozidi 10 mdomoni, na rangi nyingi hufika garini badala ya kupotea hewani. Lakini yataka upepo mwingi. Tajiri akiinunua na kuacha kompresa ndogo ile ile, upepo hupungua njiani na rangi hukauka kama ganda la chungwa. Nozeli nazo si moja: rangi ya juu na vanishi zataka milimita 1.3 au 1.4, praima nzito yataka 1.7 hivi.

Nasi tusijitetee bure. Pima upepo huku umevuta kifyatulio. Jaribu kwanza kwenye karatasi. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, na uioshe kila umalizapo kazi. Asiyefanya haya hana la kumjibu tajiri.

Kwa mali iliyoharibika, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu kukata kiasi cha haki tu, tena pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Ubovu wa kompresa si makusudi ya fundi. Basi, chombo kikiwa kibaya, mwambieni mjumbe wa chama kabla ya kupuliza, wala si baada ya kukatwa.