Faini ya Booking.com Uhispania: vyama vya hoteli vilishitaki

Tarehe 30 mwezi wa saba 2024, tume ya ushindani ya Uhispania (CNMC) ilitangaza faini ya euro milioni 413,24 kwa Booking.com kwa kutumia vibaya nguvu yake sokoni.

Kulingana na tume hiyo, mikataba ya kampuni ilizuia hoteli kuuza chumba kwa bei ya chini kwenye tovuti zao wenyewe, wakati yenyewe ilijipa ruhusa ya kupunguza bei hizo bila kuwauliza. Booking.com ilipinga uamuzi na kusema itakata rufaa.

Mwenye hoteli hulipa kamisheni kwa kila chumba. Akikatazwa kumpunguzia mteja anayepita tovuti yake, kamisheni hiyo inaingia katika bei ya wote, hata ya yule asiyetumia Booking.com.

Uchunguzi ulitokana na mashitaka ya vyama viwili vya sekta ya hoteli, kimoja cha Madrid.

Kongo pia ina sheria: ile ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inakataza kosa la namna hiyo. Tena inchi ni mwanachama wa COMESA, yenye tume ya ushindani mjini Lilongwe kwa kesi zinazovuka mipaka. Lakini hoteli moja ya Lubumbashi au Bukavu inaweza kuogopa kuondolewa kwenye tovuti ikishitaki peke yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya vyama vya wenye hoteli.