Waliolelewa kwa Adha Waachiwe Kumbukumbu Zao

Na Salim Mwinyihaji

Katika nchi ya Ayalandi, ambako kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita serikali iliwakabidhi watoto wa mafukara, na wale waliozaliwa nje ya ndoa, mikononi mwa mashirika ya watawa wa Kikatoliki, yalitendeka madhila ambayo waliotendewa waliyameza kwa miaka mingi, kila mmoja peke yake, akidhani kwamba fedheha ile ilikuwa yake wala si ya waliomtesa.

Christine Buckley, binti wa baba Mnigeria, aliyelelewa na Masista wa Huruma katika nyumba ya Goldenbridge, Dublin, alithubutu mwaka 1996 kusimulia katika filamu ya televisheni, Dear Daughter, jinsi watoto wa kike walivyopigwa, na jinsi walivyoketishwa baada ya masomo kutunga shanga za rozari kwa waya, mafungu 60 ya shanga kumikumi kwa siku, na ole wake aliyepungukiwa. Hebu tulitafakari hilo: kile ambacho muumini hukishika apate utulivu wa moyo, mtoto yule alikijua kwa vidole vilivyochanika na kwa khofu ya kipigo.

Mwaka 1999 yeye na Carmel McDonnell Byrne, aliyepitia nyumba hiyohiyo, wakafungua Kituo cha Aislinn mjini humo, ili walionusurika wapate mahali pa kukutana, kusoma na kuzungumza. Na faraja ya baraza kama lile, kwa rai yangu, haipatikani kwa tabibu wala kwa kadhi; kwani mtu mzima aliyeishi akishuku akili yake mwenyewe, amsikiapo mwenziwe akiitaja njaa ileile na mlango uleule waliokuwa wakisimamishwa usiku kungoja adhabu, ndipo anapoyakinisha kwamba hakuota, na kwamba hakupigwa kwa sababu ya uovu wake.

Serikali iliomba radhi Mei 1999, na ripoti ya tume ya kuchunguza mateso ya watoto iliyotolewa Mei 2009 chini ya Jaji Sean Ryan ikathibitisha kwamba ukatili ule ulikuwa desturi ya nyumba hizo. Lakini sheria ya fidia ya mwaka 2002 ilikataza, kwa tishio la faini na kifungo, kuchapisha habari za malipo zitakazomtambulisha mtesaji au taasisi yake. Na mwaka 2019 ukaletwa muswada wa kuyafungia majalada ya ushahidi kwa miaka 75. Haukupata kuwa sheria, nao wengi wa walionusurika waliupinga, na walikuwa na haki: aliyenyamazishwa utotoni hanunuliwi ukimya wake uzeeni.

Basi walio na mamlaka, serikalini na katika mashirika ya watawa, wawape wazee hawa majalada yao wangali hai kuyasoma na kuyasimulia kwa hiari yao. Buckley alifariki Machi 2014.