Penseli Nzuri Nayo Iwemo Kwenye Begi la Bi Harusi



Leo sizungumzii singo, hina wala gauni. Nazungumzia penseli, na najua baadhi yenu mshaanza kucheka. Penseli ni kitu cha skuli, kitu cha watoto, hununuliwa mwanzo wa muhula na kupotea kabla muhula haujesha. Lakini wale wenzangu wenye maradhi ya madaftari, mnaoingia dukani kununua bahasha moja mkatoka baada ya saa nzima, nyinyi mnanielewa.

Naona bi harusi anayependa kuandika ajinunulie penseli nzuri kwelikweli, na aitumie. Katika ile orodha ndefu ya vitu vyake mna mambo mengi ya ghali ambayo hayatamtumikia hata wiki moja, na hakuna anayeyahoji. Akisema anataka dazani ya penseli, ndipo anaambiwa anafuja.

Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe. Ni grafiti iliyosagwa, ikachanganywa na udongo wa mfinyanzi, ikachomwa kwenye tanuri. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza njia hiyo mwaka 1795, na msingi wake ndio unaotumika mpaka leo. Udongo ukizidi, kiini kinakuwa kigumu na mstari unapauka. Hizo ndizo penseli za H. Udongo ukipungua, kiini kinalainika na mwandiko unakolea; hizo ni za B. HB imekaa katikati, na ndiyo maana skuli zinaipenda.

Penseli mbaya utaijua kwenye kichongeo. Kiini hakikukaa katikati ya mti, basi upande mmoja mti umefika mpaka ncha na upande wa pili uko wazi. Unachonga, kinakatika. Unachonga tena, kinakatika tena, mpaka unabaki na kipande kisichotimia kidole. Halafu tunawagombeza watoto kwamba hawatunzi vitu!

Sasa shika penseli iliyoundwa na mtu aliyefikiri. Faber-Castell 9000 ya Ujerumani, ile ya kijani, imetoka mwaka 1905 na bado inatengenezwa. Ina pande sita, kwa hiyo ukiiweka mezani haibiringiki kwenda sakafuni, na vidole vitatu vinapata pa kukaa. Wajapani nao wakaja na ushindani wao. Kampuni ya Mitsubishi Pencil ikatoa Hi-uni mwaka 1966, yenye rangi ya zambarau iliyoiva inayokaribia damu ya mzee, na mwaka uliofuata Tombow wakajibu kwa Mono 100, nyeusi inayong'ara, na ule mstari mweupe uliopita juu ya kitako chake. (Hiyo Mitsubishi ya penseli haina udugu na ile ya magari, ijapokuwa jina na alama ya almasi tatu ni zile zile. Mume wangu hakuamini mpaka alipotafuta mwenyewe.) Mimi ni wa Mono 100. Inateleza juu ya karatasi pasi na kukwaruza, na ncha yake inachelewa kufa.

Na kuna harufu. Sisi watu wa udi na asumini hatuwezi kuipita harufu ya penseli inayochongwa. Ule ni mti wa jamii ya mierezi, laini, wenye nyuzi zilizonyooka, unaokatika kwa wembe bila kupasuka. Penseli nyingi nzuri za leo zimetoka kwenye mierezi ya California, lakini zamani viwanda vya Ulaya vilitafuta pia mti wa kwetu Afrika Mashariki, mtarakwa, unaoota milima ya Kenya na ya Tanzania Bara, Usambara ikiwemo. Kwa Kiingereza mpaka leo unaitwa kwa jina la penseli. Kwa hiyo anayesema huu ni ugonjwa wa Kizungu, mwambie mti wetu ulikuwemo humo.

Nakuja kwenye jambo linalonigusa zaidi, nalo ni daftari la mapishi. Wengi wetu tumeliona la mama au la shangazi: kurasa za njano, samli imetoboa, na pale palipoandikwa kipimo cha sukari ya halua pana doa la buluu tu. Maji yamepita, wino umekwenda. Kalamu za rangi za siku hizi ni mbaya zaidi. Tone moja la jasho linatosha. Grafiti haiyeyuki kwenye maji wala haipauki kwa jua. Ukiiacha bila kuisugua, itabaki pale miaka na miaka. Kwa hiyo bi harusi anayekaa na bibi yake wiki za mwisho akiandika viungo vya pilau, aandike kwa penseli ya 2B kwenye karatasi nzuri. Mjukuu wake atasoma.

Kisha bajeti ya harusi. Hii nakuombeni muifikirie. Hesabu ikishaandikwa kwa wino, watu wanaichukulia kama ahadi. Umeandika wageni mia tatu, mama mkubwa ameona mia tatu. Kesho ukisema mia na hamsini, umemvunjia heshima. Iliyoandikwa kwa penseli kila mtu anajua bado inazungumzika. Unafuta ukumbi, unaandika ua wa nyumbani. Unafuta sare ya pili. Nimeona nyumba zilizoingia deni la miaka miwili kwa ajili ya orodha ambayo hakuna aliyethubutu kuikata.

Mahari ni habari nyingine. Hapo weka penseli chini, shika kalamu ya wino usiofutika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na mahari iliyoakhirishwa ni deni. Kiasi, kilicholipwa, kilichobaki na muda wake, vyote kwa wino, na nakala yako uwe nayo wewe mwenyewe. Dada wangapi wanafika mbele ya kadhi wakiwa na kumbukumbu ya mdomo tu?

Narudi kwa wapenzi wenzangu wa vifaa, maana na sisi tuna letu. Kuna penseli iitwayo Blackwing 602, ya Kimarekani, yenye kishikio bapa cha chuma na raba unayoweza kuivuta na kuibadilisha. Ilisimama kutengenezwa mwaka 1998. Walioipenda wakahangaika, wakanunuliana zilizobaki kwa makumi ya dola kwa penseli moja, mpaka kampuni nyingine ilipoirudisha sokoni mwaka 2010. Hadithi hii hupendwa kusimuliwa kama hadithi ya mapenzi. Mimi inanitia shaka kidogo. Mtu aliyelipa dola thelathini kwa penseli, je, aliichonga?

Maana tunaijua tabia hiyo. Ni ile ya vyombo vya kabatini, vinavyosubiri mgeni asiyekuja mpaka mwenye navyo anaondoka duniani na sahani bado zina karatasi ya dukani. Penseli usiyoichonga haina faida kwako wala kwa mwengine, na kama umekusanya maboksi na maboksi ili kuyapiga picha, hapo neno israfu nitalikubali. Dazani moja inayotumika ni kitu chengine. Bei yake haifiki pesa ya maua ya meza kuu, na itakuwa nawe baada ya maua kutupwa.

Zile penseli zinazochapwa majina ya maharusi na kugaiwa wageni ukumbini, naziona ni hasara tupu. Nyingi ni za mti mbovu na haziishi wiki.

Kama unaanza, chukua mbili za 2B za kuandikia na HB moja ya mahesabu, raba laini nyeupe, na kichongeo cha chuma badala ya cha plastiki, ambacho wembe wake unaweza kubadilishwa. Tia na kifuniko cha ncha, maana mkobani zinachafua mitandio. Na ukishahamia kwako, zifiche. Mawifi wadogo wakija na kazi zao za skuli, hizo ndizo za mwanzo kuondoka.