Ngoma na Rangi Ziingie Hospitalini

Katika nyumba nyingi za nchi yetu yuko mtu ambaye hatajwi wageni wanapokuja. Amewekwa chumba cha nyuma, na akiulizwa habari zake jibu huwa ni fupi, kisha mazungumzo hugeuzwa. Aghalabu jamaa zake si wakatili. Wamechoka, wameona haya, nao hawajui la kumwambia, wala yeye hajui namna ya kuwaambia yaliyomo moyoni mwake. Leo twapenda kusema juu ya huyo asiyeweza kusema, na juu ya njia moja ya kumpa ulimi ambayo kwa maoni yetu imedharauliwa bila ya sababu. Njia hiyo ni sanaa: ngoma, nyimbo, uchoraji, ufinyanzi na michezo ya kuigiza, zikitumiwa hospitalini kwa makusudi, na watu waliofundishwa, bega kwa bega na dawa.

Hapana shaka wako watakaocheka. Watasema kuwa wagonjwa hawana vidonge vya kutosha, nasi twataka wanunuliwe rangi! Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini kwanza na tuitazame kazi yenyewe ilivyopata kufanywa mahali pengine.

Mwaka 1944 Daktari Nise da Silveira alirudi kazini katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Engenho de Dentro, mjini Rio de Janeiro, nchini Brazil. Alikuwa ametengwa na kazi ya serikali kwa miaka mingi kwa ajili ya siasa, baada ya kutiwa gerezani mwaka 1936. Alipofika alikuta tiba mpya zikisifiwa sana: kupitisha umeme katika kichwa cha mgonjwa, kumzimisha kwa sindano ya insulini, hata kumpasua ubongo. Akakataa katakata kubonyeza kitufe cha umeme. Wakubwa wake wakampeleka katika idara iliyodharauliwa kuliko zote, ile ya kuwapa wagonjwa kazi, na kazi zenyewe zilikuwa kufagia na kusugua sakafu. Mwaka 1946 bibi huyo akafungua humo chumba cha kuchorea na kufinyangia. Hakuwaamuru wagonjwa wachore nini. Aliwapa karatasi, rangi, udongo na mtu wa kukaa nao kwa upole. Akaruhusu hata mbwa na paka waingie, kwani aliona kuwa mtu aliyewakimbia wanadamu wenzake huweza kumkubali mnyama.

Matokeo yake yaliwashangaza wataalamu. Mmoja wa wagonjwa hao, Fernando Diniz, alikuwa mtoto wa mama mshonaji aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba za matajiri. Alianza kwa kuchora vitu vya ndani ya nyumba kimoja kimoja, kila kimoja peke yake; na baada ya muda mrefu vitu hivyo vikaanza kukaa pamoja, mpaka picha ikawa chumba kizima. Mwenye macho aliweza kuona jinsi akili iliyovunjika ilivyokuwa ikijijenga upya. Mwaka 1952 Daktari Nise alianzisha jumba la kuhifadhia picha hizo, na mwaka 1957 baadhi yake zilionyeshwa Zurich, Uswisi, mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari wa akili. Jumba hilo sasa lina kazi zaidi ya 300,000. Sisi twaona kuwa fundisho kubwa zaidi si uzuri wa picha, bali ni kwamba daktari alikubali kumsikiliza mgonjwa kwa lugha ambayo mgonjwa aliiweza.

Tangu wakati huo jambo hili limepimwa na wataalamu wengi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, lilitoa ripoti iliyokusanya uchunguzi zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, na ripoti hiyo ikaunga mkono kuitumia sanaa katika kuzuia maradhi na kuyatibu. Mwaka 2017 wachunguzi wa Cochrane walionyesha kuwa mgonjwa wa sonona anayepewa tiba ya muziki pamoja na matibabu yake ya kawaida hupata nafuu, kwa muda mfupi walau, kuliko anayepewa matibabu ya kawaida peke yake. Wala haitupasi kuficha upande wa pili. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa Uingereza uliohusu watu 417 wenye skizofrenia: wale waliopelekwa kuchora kwa vikundi hawakuwapita wenzao kwa nafuu, na wengi hawakuhudhuria sawasawa. Basi sanaa si hirizi. Yataka mtu anayefaa, mahali panapofaa, na muda wa kutosha.

Lakini kwa nini tuizungumze habari hii kana kwamba ni bidhaa ya meli? Mtu wa Pwani ajua kupunga pepo ni nini. Mgonjwa aliyenyamaza mwaka mzima huketishwa, ubani huwashwa, ngoma hupigwa usiku kucha, majirani huitikia nyimbo. Na pepo anapopanda husema yale ambayo mwenye kiti asingethubutu kuyasema mchana: kuwa amesahauliwa na mume, kuwa amedhulumiwa, kuwa ana huzuni ya mtoto aliyefariki. Tuamini pepo au tusiamini, tukubali kuwa hapo mtu amesikilizwa na watu wake wote pamoja. Hatusemi haya ili kuwatetea waganga wanaowatoza fukara mali zao, au kuwafunga wagonjwa minyororo na kuwanyima dawa, hao washtakiwe. Twasema tu kuwa wazee wetu waliujua ukweli ambao hospitali ilipokuja iliuacha mlangoni.

Na majirani zetu wa Rwanda wametuonyesha kuwa si kila jeraha la moyo lahitaji kitanda cha hospitali. Mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari, Bibi Odile Gakire Katese alianzisha kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, katika nchi ambayo ngoma ilikuwa ya wanaume. Wanawake wa pande zote mbili za msiba ule walipiga pamoja.

Sasa turudi kwenye hoja ya vidonge. Dawa na zinunuliwe kwanza, hapo hatubishani. Ila kidonge hutuliza, wala hakimwulizi mgonjwa ana nini. Gharama ya karatasi, udongo na ngoma chache ni ndogo mno; ghali ni mtu wa kuisimamia kazi, na huyo ndiye twamdai. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu miaka ya 1920. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, kifundishacho ngoma, muziki, maigizo na uchoraji. Muhimbili kuna chuo kikuu kifundishacho madaktari na wauguzi. Je, ni vigumu kiasi gani kwa watu wa nyumba hizi 3 kuketi meza moja?

Twaiomba Wizara ya Afya, pamoja na wizara inayosimamia utamaduni, itunge mafunzo ya kazi hii na kuiwekea cheo na mshahara katika utumishi, isiwe hisani ya kikundi kijacho kutumbuiza siku ya sikukuu kisha kikaondoka. Uingereza jina la mtaalamu wa tiba ya sanaa hulindwa kwa sheria, na asiyesajiliwa hawezi kulitumia. Nasi tufanye hivyo, tusije tukazaa matapeli wapya. Kwa kuanzia, chumba kimoja katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa chatosha, maadamu kisigeuzwe stoo ya vitanda vibovu.